Dawa ya manjano kila mwezi, na ng'ombe bado wanakonda

Swali: "Salaam, daktari. Mimi ni mama mfugaji wa Witu, Lamu. Nina ng'ombe wanane. Sita ni wa kienyeji, wanachungwa upande wa msituni. Wawili ni machotara wa maziwa, nawalisha bandani. Tangu mwaka jana kila mwezi nanunua agroveti dawa ya manjano ya nagana, na pakiti moja nawagawia ng'ombe wawili. Wakidungwa huchangamka wiki moja au mbili, kisha manyoya husimama tena, maziwa hupungua, na mmoja ameharibu mimba. Kupe nawapigia dawa kila wiki. Je, dawa siku hizi ni bandia, au ugonjwa umekuwa sugu? Nibadilishe dawa gani?"

Jibu: Mama, ahsante kwa kueleza kinaganaga. Kabla ya kuzungumzia dawa nyingine, niruhusu nirudi kwenye ile pakiti moja inayogawiwa ng'ombe wawili, kwa sababu huenda nusu ya jibu lako iko hapo.

Pakiti ndogo ya diminazini, ndiyo hiyo dawa yako ya manjano, inayouzwa sana madukani ina gramu 2.36 za unga. Dawa yenyewe ndani yake ni gramu 1.05, kilichobaki ni kitulizo cha homa na maumivu, ambacho pia huzuia dawa isiharibike upesi ikishachanganywa. Unga huo huyeyushwa kwa mililita 12.5 za maji safi ya sindano, ukapata mililita 15 hivi za dawa ya manjano. Kipimo chake ni mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito, sawa na miligramu 3.5 kwa kilo. Kwa hesabu hiyo pakiti nzima inamtosha ng'ombe wa kilo 300 na hapo imekwisha.

Sasa mchukue chotara wako wa maziwa. Kama ana kilo 380, anahitaji mililita 19, yaani pakiti moja na zaidi ya robo. Akipewa nusu pakiti amepata mililita 7.5, ambazo hazifikii hata miligramu moja na nusu kwa kilo. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 220 anahitaji mililita 11. Naye kwa nusu pakiti amepunjwa, ingawa si sana. Vimelea vya nagana, viitwavyo tripanosoma na vinavyoletwa na mbung'o, vilivyo dhaifu hufa, homa hushuka, mnyama hurudi kula, nawe unaona amepona. Vile vilivyostahimili hubaki katika damu na kuzaana upya bila mpinzani. Wiki moja au mbili za uchangamfu, kisha manyoya kusimama: umeieleza hali hiyo barabara bila kujua. Na kila mwezi unaporudia nusu dozi, unachagua vimelea vigumu na kuviachia shamba. Hivyo ndivyo usugu unavyotengenezwa, na hauishii kwako, kwa sababu mbung'o atakayemuuma ng'ombe wako leo kesho yuko kwa jirani.

Basi dawa ipimwe kwa uzito, si kwa macho. Nunua kanda ya kupimia uzito wa ng'ombe. Msimamishe mnyama mahali tambarare, miguu yote minne ikiwa sawa na kichwa kimenyooka, zungusha kanda kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele na nyuma ya nundu, ivute ishikamane na ngozi bila kubana, kisha soma. Kanda hukosea kilo kadhaa, kwa hiyo ukiwa kati ya vipimo viwili chukua kile cha juu. Kwa diminazini, kuzidisha kidogo kwa ng'ombe si hatari. Kupunguza ndiko hatari. Dawa ichomwe ndani ya msuli wa shingo, na kama ni mililita 19 igawanywe sehemu mbili. Usiyeyushe kwa maji ya kisima wala ya bomba. Iliyobaki baada ya kuchanganywa usiiweke kwa mwezi ujao. Kwa joto la Lamu inapoteza nguvu upesi.

Kila ng'ombe apate sindano yake safi. Hili watu wengi hulipuuza kwa sababu ya bei, lakini sindano moja ikizunguka zizi zima hubeba damu, na damu hiyo hubeba anaplasma, kijidudu cha ugonjwa wa kupe, na hata tripanosoma. Unaweza kumwambukiza mzima siku ileile unapomtibu mgonjwa.

Kuhusu dawa bandia: zipo, na pia zipo za kweli zenye nguvu pungufu kwa sababu zimeanikwa kwenye rafu inayopigwa jua. Angalia namba ya usajili kwenye pakiti, tarehe ya mwisho, na kama unga bado unamiminika au umeganda madonge. Pakiti ya bei ya chini mno kuliko za wengine ina sababu yake. Hata hivyo mtu asikimbilie kuilaumu dawa kabla hajajua uzito wa ng'ombe na kabla hajaona damu yake.

Na hapo ndipo penye jambo la pili. Mama, katika maelezo yako hakuna mahali damu ilipopimwa. Kukonda, manyoya kusimama, maziwa kupungua na kuharibu mimba ni dalili za nagana, kweli. Lakini ni dalili pia za minyoo ya tumbo, minyoo ya ini, anaplasmosisi na njaa ya kiangazi. Tena diminazini ina tabia ya kumdanganya mfugaji: inatibu pia babesia, ugonjwa wa kupe unaotoa mkojo mwekundu. Mtu hudunga, mnyama hupona, naye husema "nilijua ni nagana", kumbe ilikuwa kupe. Dawa hiyohiyo haina nguvu juu ya anaplasma, ambayo humfanya ng'ombe kuwa mweupe kisha wa manjano machoni, choo kikavu, bila mkojo kubadilika rangi. Huyo anahitaji oksitetrasaiklini. Wala haigusi ndigana kali, ugonjwa mwingine wa kupe, ambayo utaijua kwa matezi kuvimba chini ya sikio na mbele ya bega, homa kubwa, na mwishowe pumzi za shida na povu puani. Dawa yake ni buparvakwoni, na kila siku unayochelewa inapunguza nafasi ya kuokoka. Ng'ombe mweupe machoni mwenye uvimbe laini chini ya taya, mwite daktari aangalie minyoo kwanza, hasa kama wananyweshwa kwenye madimbwi yenye konokono.

Damu ipimwe vipi? Mwombe afisa mifugo aje asubuhi, kabla ng'ombe hawajatoka. Achukue damu kutoka kwenye mshipa mdogo wa ukingo wa sikio. Si lazima iwe shingoni, na kwa ugonjwa huu sikio ni bora, kwani Trypanosoma congolense hupenda kukaa katika mishipa midogo ya pembeni. Damu ya shingoni huweza kuonekana safi huku sikioni wamejaa. Anajaza vijirija viwili vya kioo vyenye dawa ya kuzuia damu kuganda, robo tatu ya urefu, anaziba mwisho mmoja, kisha anaviweka kwenye kisanduku chenye ubaridi, visiguse barafu. Damu hiyo isomwe ndani ya saa chache. Kimelea kilichokufa hakionekani kikitembea, na kipimo hiki kinategemea kukiona kikitembea.

Kwenye maabara kijirija huzungushwa kwa mashine kwa dakika tano, mizunguko 12,000 kwa dakika. Chembe nyekundu hushuka chini, maji ya damu hubaki juu, katikati panakuwa na utando mwembamba mweupe. Kwanza husomwa kiasi cha chembe nyekundu, ambacho fomu za maabara huandika PCV. Ng'ombe mwenye afya yuko kati ya asilimia 24 na 46. Akishuka chini ya 24 ana upungufu wa damu, na akifika 15 usimtembeze mbali hata kwa ajili ya matibabu. Mpelekee maji na majani alipo. Kisha kioo hukatwa milimita moja chini ya ule utando mweupe, na kinachotoka hutandazwa kwenye kipande cha kioo na kutazamwa kwa darubini. Njia hii ilielezwa na Murray na wenzake mwaka 1977, na mpaka leo haijapata mpinzani kwa kazi za shambani. Msomaji mzoefu hutambua aina ya tripanosoma kwa mwendo tu: vivax hukatiza kioo kwa kasi mara hayupo, congolense hujivuta taratibu akijibandika kwenye chembe nyekundu, na brucei hujipindapinda palepale alipo.

Ukiwa mbali na darubini, aandae damu nyembamba kwenye kioo, aikaushe hewani, aigandishe kwa methanoli dakika mbili au tatu, na kuifunika isiliwe na nzi (nzi hula damu ya kwenye kioo hadi kisibaki kitu). Kioo hicho kinaweza kusafiri hadi maabara ya uchunguzi wa mifugo ya Mariakani na bado kikasomeka, tena kitaonyesha anaplasma na babesia pia. Kwa ndigana kali achukue majimaji ya tezi kwa sindano, si damu peke yake.

Jambo moja ulijue mapema ili usikate tamaa: jibu la "hakuna kimelea" halimaanishi hayupo. Tripanosoma hupanda na kushuka katika damu kama mawimbi. Ganda lake la nje limefunikwa na protini ya aina moja. Mwili ukishatengeneza kinga ya protini hiyo, baadhi ya vimelea huwa vimekwishavaa protini nyingine, na vita huanza upya. Ana hazina ya mamia ya mavazi hayo, na ndiyo sababu hadi leo hakuna chanjo ya nagana. Kwa hiyo ng'ombe mwenye damu asilimia 19, asiye na kupe wala minyoo, anayechungwa penye mbung'o, daktari anaweza kumtibu nagana hata kama kioo hakijaonyesha kitu.

Sasa tunaweza kulijibu swali lako la usugu, na unaweza kulijibu mwenyewe pamoja na afisa wako. Chagua ng'ombe walioonekana na vimelea. Wapime uzito, wape diminazini nzuri kwa kipimo kamili, andika tarehe, aina ya kimelea na asilimia ya damu. Rudia kipimo siku ya 14, kisha siku ya 28. Kama siku ya 14 kimelea yupo, yaelekea hakufa: maambukizi mapya huchukua muda kuonekana, na dawa hubaki mwilini kwa wiki mbili hivi. Hapo ndipo neno "sugu" linapata haki ya kutamkwa. Kama siku ya 14 damu ni safi na siku ya 28 amerudi, shaka kubwa inahamia kwa mbung'o: dawa ilifanya kazi, ng'ombe ameumwa upya. Na kama damu ni safi siku zote mbili lakini asilimia haipandi, tafuta minyoo, kupe na lishe. Machotara wako wa bandani wanafaa zaidi kwa jaribio hili, kwa sababu ukiwawekea wavu, nafasi ya kuambukizwa upya inapungua na jibu linakuwa wazi.

Ikithibitika ni usugu, dawa ya kubadilisha ni isometamidiamu, ile nyekundu iliyokolea. Hiyo haitibu tu, hukinga pia kwa miezi miwili hadi minne kulingana na kipimo na wingi wa mbung'o. Gramu moja huyeyushwa kwa mililita 50 za maji ya sindano. Kwa kutibu, miligramu 0.5 kwa kilo, ambayo ni mililita 1 kwa kilo 40. Kwa kukinga penye hatari kubwa, miligramu 1 kwa kilo, yaani mililita 1 kwa kilo 20. Inachoma nyama vibaya. Ikimwagika chini ya ngozi hufanya uvimbe mgumu unaodumu wiki nyingi, kwa hiyo iingie ndani kabisa ya msuli wa shingo, dozi kubwa igawanywe, na ichomwe na mtu anayeijua kazi.

Lakini usiihamie moja kwa moja kisha ukaitumia kila mwezi kama ulivyoitumia ile ya manjano. Dawa hizi mbili hulindana. Vimelea vilivyozoea moja mara nyingi huuawa na nyingine, ndiyo maana huendeshwa kama jozi: isometamidiamu itangulie kwa wale walio hatarini, kabla mbung'o hawajaongezeka na mvua za masika na za vuli, na atakayeugua katikati apewe diminazini kwa kipimo kamili. Asiyeumwa asidungwe diminazini. Zote mbili ni za miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na mfugaji wa Pwani hana kabati lenye dawa nyingine nyuma yake. Tukizichezea hizi, hasara yake itakaa kwetu miaka mingi. Kuongeza kipimo cha diminazini hadi miligramu 7, kama inavyofanyika wakati mwingine kwa brucei, ni uamuzi wa daktari aliyeona majibu.

Siku za kutouza maziwa na kutochinja baada ya dawa zimeandikwa kwenye lebo ya kila pakiti. Zifuate.

Haya yote ni kazi ya kuchota maji chomboni bila kuziba tundu, kama mbung'o wataendelea kuuma. Na hapa nina swali langu kwako: dawa gani ya kupe unatumia kila wiki? Kama lebo inasema amitrazi, umepata kisa cha pili. Amitrazi huua kupe vizuri, lakini mbung'o haimfanyi kitu. Unaweza kuwapigia ng'ombe kila wiki mwaka mzima na mbung'o wakawatua wakanyonya na kuondoka salama. Dawa za jamii ya deltamethrini ndizo zinazoua vyote viwili. Ile ya asilimia 5 ya kuchanganya na maji hupimwa mililita 1 kwa lita 1; ile ya asilimia 1 ya kumwagia mgongoni haichanganywi na maji, ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito, kwa mstari kutoka mabegani hadi kwenye shina la mkia.

Mbung'o wengi hutua miguuni na tumboni, na hupenda ng'ombe wakubwa kuliko ndama. Utafiti uliofanywa Zimbabwe ulionyesha kwamba ukinyunyizia miguu na tumbo la ng'ombe wakubwa unapata sehemu kubwa ya faida kwa sehemu ndogo ya dawa. Kwako ina maana hii: hao sita wa msituni, kila baada ya wiki mbili, piga miguu yote minne hadi kwato, tumbo, na kwa ajili ya kupe ongeza ndani ya masikio, kiwele na chini ya mkia. Mvua kubwa ikinyesha, rudia mapema zaidi. Maji ya kuoshea pampu usiyamwage kwenye dimbwi, mto wala mikoko; deltamethrini huua samaki, kamba na kaa kwa kiasi kidogo sana.

Ukimjua mbung'o utaona kwa nini kazi hii inaweza kumshinda. Hatagi mayai mamia kama nzi wengine. Jike hulea buu mmoja tumboni, humzaa kila baada ya siku tisa au kumi, buu huyo hujichimbia kwenye udongo wenye kivuli na kukaa kama mwezi kabla ya kuruka. Katika maisha yake yote huzaa wachache tu. Kwa hiyo ukiongeza vifo kidogo kila siku, bila kuacha, idadi yao hushuka. Ukiacha miezi mitatu wanarudi kutoka msituni. Ng'ombe wanane peke yao hawatoshi kulipunguza kundi. Wanatosha pale majirani wa njia ileile ya malisho wanapopiga dawa ileile wiki ileile. Kaeni mkubaliane. Baraza la serikali la kutokomeza mbung'o, KENTTEC, linafanya kazi na vikundi, na kikundi husikilizwa kuliko mtu mmoja.

Mitego husaidia ikiwekwa kwa akili. Aina ya NGU, iliyobuniwa Nguruman huko Kajiado miaka ya 1980, hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi na chandarua juu. Buluu iwe ya pamba iliyokolea. Ikishapauka mtego umebaki pambo. Uweke ukingoni mwa kichaka, kwenye njia wanayopita kwenda majini, fyeka mita mbili kuuzunguka ili uonekane, paka grisi kwenye miti ya kushikilia ili siafu wasile waliokamatwa. Chini yake weka chupa iliyo wazi ya mkojo wa ng'ombe uliokaa wiki mbili au tatu, na chupa ya asetoni yenye tundu dogo. Hesabu walioingia kila unapoutoa, andika. Hesabu hiyo itakuambia kama kazi inasonga. Jihadhari na kitu kimoja: mbung'o wa aina ya Glossina pallidipes huingia kwa urahisi kwenye mtego huu, lakini Glossina austeni, mdogo wa rangi ya kahawia anayejificha kwenye vichaka vizito vya misitu yetu ya Pwani, haingii kirahisi. Mtego mtupu usikufanye ulale.

Huyo austeni ndiye aliyetokomezwa kisiwani Unguja mwaka 1997 kwa kuachia madume yaliyofanywa tasa, baada ya kupunguzwa kwanza kwa mitego na dawa za mgongoni. Watu huniuliza kwa nini isifanyike Lamu. Unguja ni kisiwa na mbung'o alikuwa wa aina moja tu. Msitu wa bara haujakatwa na bahari upande wowote wa maana, na aina ni zaidi ya moja. Ukisafisha leo, wengine wanaingia kutoka upande wa pili.

Kwa machotara wa bandani, nakushauri uweke wavu uliotiwa deltamethrini kulizunguka banda, kutoka chini hadi mita moja na nusu. Mbung'o huruka chini-chini. Akiugonga wavu huo amegusa dawa, na wale inzi wengine wanaouma hupungua pia. Ni muhimu kwa sababu vivax huweza kubebwa na inzi hao bila mbung'o kuhusika, na Pwani imewahi kuripotiwa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, vivax mkali wa ng'ombe wa maziwa, anayetoa damu puani na masikioni na kuua kwa haraka. Ukiona chotara anatokwa na damu sikioni pasipo jeraha, usisubiri asubuhi.

Wale sita wachungwe uwandani jua likiwa juu. Pallidipes huuma zaidi asubuhi na jioni, kwa hiyo kuwaacha kando ya msitu hadi magharibi ni kuwalisha mbung'o. Kama siku moja utabadilisha dume, waulize Waorma. Ng'ombe wao wa aina ya Boran walifanyiwa utafiti Galana, bara ya Malindi, miaka ya 1980, na walionekana kustahimili ugonjwa kuliko Boran wa ranchi waliokaa malisho yaleyale: waliugua mara chache zaidi na damu yao haikushuka sana. Na kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kimechunguza harufu ya kuro, mnyama anayeishi katikati ya mbung'o bila kuumwa sana. Kola zenye harufu hiyo zilijaribiwa Kwale, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha ugonjwa ukipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mradi wa kola hizo ukifika kwenu, jiandikisheni.

Haraka haraka, wanyama wengine wa nyumbani. Punda asipigwe amitrazi hata tone. Huzuia utumbo wake usifanye kazi na tumbo humuua. Ngamia asidungwe diminazini, ni sumu kwake, naye ana dawa zake. Mbwa akifunga ukungu mweupe machoni huku anakonda, apimwe damu. Dozi ya diminazini kwa mbwa ina nafasi ndogo mno ya kukosea, mwachie daktari. Na watoto wasiogope: congolense, vivax na brucei wa kawaida wa ng'ombe (Trypanosoma brucei brucei) hawaambukizi watu, wala kwa maziwa wala kwa nyama. Malale ya watu nchini Kenya yalikuwa upande wa magharibi, karibu na Ziwa Viktoria, na mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba si tatizo tena la afya ya umma nchini.

Lakini yule aliyeharibu mimba simtii katika hesabu ya nagana moja kwa moja. Nagana huharibu mimba, na brusela pia huharibu, na hiyo huingia kwa binadamu. Mwombe afisa, siku atakayokuja kuchukua damu ya sikio, achukue pia damu ya shingoni kwenye mrija usio na dawa ya kuzuia kuganda, kwa kipimo cha brusela kwa ng'ombe huyo na kwa mwenzake wa bandani. Mpaka majibu yarudi, maziwa yote ya zizi yachemke hadi yapande, yasinywewe mabichi wala kugandishwa mabichi kuwa mtindi, na ng'ombe huyo akitoa tena mimba au kondo lisiguswe kwa mkono mtupu: vaa glavu au mfuko wa plastiki, lifukie shimo refu ambalo mbwa hawatalifukua, na pale lilipoangukia pamwagwe chokaa au dawa ya klorini kabla mwingine hajalala hapo.